Jinsi ya kuomba franchaizi ya mgahawa wa piza Uganda, na gharama za kupigia hesabu kabla ya kutia saini

Uganda haina sheria maalumu ya franchaizi, yaani kulipia haki ya kuendesha biashara kwa jina na utaratibu wa kampuni nyingine. Ukigombana na mwenye jina (kampuni inayokupa haki hiyo), hakimu atasoma mkataba uliotia saini. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, na usimkabidhi mtu hata shilingi kabla ya kumaliza hatua ya tatu.

Hatua ya kwanza: jua nani ana haki ya Uganda. Kampuni kubwa za piza kwa kawaida haziuzi duka moja moja katika nchi zetu. Humpa mwekezaji mmoja haki ya nchi nzima, pengine nchi kadhaa kwa pamoja, naye ndiye anayefungua matawi au kuwagawia wengine. Waandikie makao makuu kupitia ukurasa wao wa maombi, uulize waziwazi: haki za Uganda ziko wazi, au zina mwenyewe? Akija mtu Kampala kukuambia yeye ndiye wakala, mwombe barua ya kampuni, kisha uithibitishe moja kwa moja kwao.

Hapo hapo nenda kwenye Ofisi ya Usajili ya Uganda (URSB) utafute kama chapa hiyo imesajiliwa nchini. Ulinzi wa chapa huishia mpakani: iliyosajiliwa Afrika Kusini tu haikukingi na jirani atakayefungua duka la jina lilelile Ntinda, mtaa wa Kampala. Usajili wa Uganda hudumu miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara, basi angalia na tarehe.

Ombi lenyewe huambatanishwa na uthibitisho wa fedha zako taslimu, maelezo ya uzoefu wako katika biashara ya chakula, mpango wa biashara na maeneo unayoyapendekeza.

Hatua ya pili: dai waraka wa taarifa. Marekani, sheria inamlazimisha mwenye jina kumpa mwombaji waraka wenye vipengele 23 angalau siku 14 kabla ya kutia saini au kulipa chochote. Afrika Kusini pia ina siku 14, na juu yake mnunuzi ana siku 10 za kazi za kuvunja mkataba bila adhabu. Sheria hizo hazikuhusu ukiwa Kampala, lakini kampuni inayouandaa waraka huo kwao inaweza kukuonyesha. Ikikataa, jiulize kwa nini. Ukiupata ule wa Marekani, anza na kipengele cha 7 cha mtaji wa kuanzia, cha 19 cha mapato (si kila kampuni hutoa takwimu hapo), na cha 20 kinachoonyesha maduka yaliyofunguliwa na yaliyofungwa. Mimi ningeanza na hicho cha 20.

Hatua ya tatu: piga hesabu. Hapa ndipo biashara hufa au hupona, na usiharakishe.

Chukua kampuni ya piza ya Domino's nchini Marekani kama mfano wa kujipimia: ada ya kuanzia ni hadi dola 10,000, mrabaha (malipo ya kila mara ya kutumia jina) ni 5.5% ya mauzo, na mfuko wa matangazo ni 6%. Masharti ya Afrika hujadiliwa kivyake, ila muundo ni uleule. Kwa shilingi 3,600 kwa dola, ada hiyo ni milioni 36, na katika gharama zote za kufungua mgahawa huo ni mzigo mdogo. Kinachouma ni asilimia, kwa sababu hukatwa kwenye mauzo, uwe umepata faida au hukupata. Duka likiuza milioni 60 kwa mwezi bila VAT, mrabaha ni milioni 3.3 na matangazo milioni 3.6. Milioni 6.9 zimeondoka kabla hujalipa unga, jibini, pango na mishahara.

Kisha kodi. Mrabaha unaokwenda nje hukatwa kodi ya 15% ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA), isipokuwa mkataba wa kodi baina ya nchi mbili, kama ule wa Uganda na Afrika Kusini, uwe umepunguza kiwango. Kwa haki, anayelipwa ndiye anayebeba makato hayo. Lakini mikataba mingi ina kifungu kinachosema mrabaha umfikie mwenye jina bila makato yoyote. Ukikikubali, zile milioni 3.3 utazituma zote, na kodi ya takribani shilingi 582,000 itatoka mfukoni mwako kila mwezi. Mwambie wakili akitafute kifungu hicho na akipinge. Mhasibu naye akueleze VAT ya 18% inayodaiwa kwa huduma zinazotoka nje.

Jibini ni jambo jingine. Tangu Julai 2022 bidhaa nyingi za maziwa zinazotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa 35%, ilhali upande wa Mbarara kuna maziwa tele. Omba kwa maandishi ruhusa ya kununua jibini la hapa likikidhi viwango vyao. Ongeza jenereta na mafuta yake, maana oveni na friji hazisubiri umeme urudi. Upelekaji mlangoni panga kwa boda zako mwenyewe pia: Jumia Food ilifunga shughuli zake Uganda mwishoni mwa 2023.

Hatua ya nne: kampuni na kodi. Usajili hufanyika mtandaoni kupitia URSB: hifadhi jina, jaza fomu, taja wamiliki halisi wa kampuni, lipa kwa benki au simu. Ushuru wa stempu ni 0.5% ya mtaji wa hisa, kwa hiyo mtaji wa milioni 100 hulipiwa 500,000. TIN, namba ya mlipakodi ya URA, ni bure. Mauzo yakizidi milioni 150 kwa mwaka, VAT ni lazima, na risiti zitoke kwenye EFRIS, mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki. Wasajili wafanyakazi NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: 10% ya mshahara hutoka kwako, 5% kwao.

Hatua ya tano: eneo na leseni. Usitie saini mkataba wa pango kabla mwenye jina hajaidhinisha eneo kwa maandishi, kwani maduka makubwa hudai dola na pango la miezi kadhaa mbele. Muda wa pango ulingane na muda wa franchaizi. Leseni ya biashara hutolewa na KCCA, mamlaka ya jiji, ukiwa Kampala, au halmashauri yako ukiwa Jinja au Mbarara. Maofisa wa afya watakagua jiko, na kila anayeshika chakula lazima apimwe afya. Ukihifadhi namba za simu za wateja wanaoagiza, jisajili pia na Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya 2019.