Koo kukauka ukivuta oksijeni

Wenzangu wa kichwa cha klasta, kile kinachochoma nyuma ya jicho moja: oksijeni ya mtungi tunayovuta kutuliza maumivu hayo ni kavu kabisa. Kwa lita 12 hadi 15 kwa dakika, robo saa haiishi koo limekuwa kama limepakwa mchanga. Mimi hapa Lamu huweka gilasi ya maji kando ya kitanda kabla ya kufungua mtungi. Nameza mafunda mawili, navaa barakoa, nikimaliza nameza tena polepole. Midomo ikipasuka, tafadhali usipake mafuta ya nazi wala ya mgando: penye oksijeni nyingi mafuta hushika moto upesi. Ulizia duka la dawa jeli isiyo na mafuta. Na jiko la makaa likae mbali, hata la chai.