"Nilifanikiwa" kwa Kiingereza: usikimbilie "succeed"

Kibao cha steshenari yangu kinasema tunatoa kopi, tunachapa barua na tunapiga picha za pasipoti. Hakisemi kwamba nusu ya siku inaniishia kwenye neno moja. Mtu anaingia na karatasi iliyokunjwa mara nne, barua ya kuomba kazi kaiandika mwenyewe kwa mkono, na kabla sijafika mstari wa tatu nimeshakutana na "succeed". Niko Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Kabla ya biashara hii nilifundisha Kiingereza sekondari miaka saba, ndiyo maana wateja wananiita madam mpaka leo, hata wale wenye umri wa kunizaa.

Chanzo ni Kiswahili chenyewe kutudekeza. Umefaulu mtihani, umefanikiwa. Umepata kazi, umefanikiwa. Umeezeka nyumba, umemaliza chuo, umeikamata bodaboda iliyoibwa: kote huko "nimefanikiwa" inatosha na hakuna atakayekuuliza zaidi. Kiingereza hakiko hivyo. Kila kitu unachofanikiwa kimeoana na kitenzi chake, na ukikiozesha kwingine msomaji anashtuka.

Kwa hiyo usianze na neno, anza na kitu. Chukua kalamu, andika kwa Kiswahili ulifanikiwa nini hasa: mtihani, lengo, mechi, shahada, mauzo. Hicho ndicho kitakachokuchagulia kitenzi.

Mtihani ni "pass". "I passed my exams", basi. "I succeeded my exams" nimeiona mara nyingi mpaka macho yameizoea, lakini haipo. Kama ulipata daraja la kwanza kidato cha nne, andika "I got Division One". Usiandike "I performed Division One", maana "perform" peke yake ni kufanya, vizuri au vibaya. Lengo ulilojiwekea linakwenda na "achieve": "I achieved my goal". Kiwango cha mauzo ulichopangiwa na bosi ni "meet" au "reach": "We met our sales target". Tarehe ya mwisho nayo ni "meet". Ahadi ni "keep", ndoto ni "fulfil", uzoefu ni "gain". Heshima ya watu ni "earn", kwa sababu imetoka jashoni. "Accomplish" iwekee kazi kubwa yenye mwanzo na mwisho, kama kupewa jukumu ukalimaliza. Ukiitumia kwa kila kitu barua inanuka kamusi.

Kwenye mpira ndipo vijana wanaponielewa haraka. "Win" inashika mechi, kombe au zawadi. "Beat" inamshika mpinzani. Tarehe 5 Novemba 2023 "Yanga beat Simba 5–1". Ukiandika "Yanga won Simba", umesema Yanga walicheza bahati nasibu wakapewa simba wa kufuga. Wanaonuna kwa mfano huo nawapa mwingine, wa tarehe 6 Mei 2012: "Simba beat Yanga 5–0". Sitaji niko upande gani, biashara yangu iko barabarani. Kumbuka tu kwamba "beat" ya jana na ya leo ni ile ile, "beated" haipo.

Rekodi nayo ina vitenzi vyake, na mfano wake mzuri ni wa kwetu. Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Habari yote hiyo inaingia kwenye sentensi moja yenye vitenzi vitatu: "He won the race, beat John Walker and broke the world record." Mbio, mtu, rekodi, na kila kimoja na chake. Rekodi mpya unayoiacha nyuma yako ni "set": "He set a new record." Na Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025, yeye na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda ule ule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Hapo unaongeza neno moja: "Simbu narrowly beat Petros." Hilo "narrowly", yaani kwa tofauti ndogo sana, ndilo linalobeba presha yote.

Tuzo unaweza kusema "win" au "receive", au ukaigeuza: "Abdulrazak Gurnah was awarded the Nobel Prize in Literature in 2021."

Sasa tuje kwa "succeed" yenyewe, ambayo iliniaibisha mimi mwalimu. Nilipotaka kuacha kufundisha niliomba kazi kwenye taasisi moja. Kwenye barua nikaandika kwa mbwembwe "I succeeded my headmistress in raising the pass rate", nikimaanisha nilimsaidia mkuu wangu wa shule akafanikiwa kupandisha ufaulu. Kwenye usaili mzee mmoja akavua miwani, akaniuliza kwa upole, "Kwa hiyo ulikuwa mkuu wa shule kwa muda gani?" Sikuelewa. Nilielewa nikiwa kwenye daladala narudi nyumbani, nikatamani kushuka nitembee kwa miguu. "Succeed" ikifuatwa moja kwa moja na mtu maana yake ni kurithi nafasi yake. "Ali Hassan Mwinyi succeeded Julius Nyerere in 1985": alimpokea urais. Ndiko linakotoka "successor", yaani mrithi wa cheo, na "successive", mfululizo. Mtu aliyeongoza darasa "for three successive years" ameongoza miaka mitatu mfululizo. "Three successful years" ni miaka mitatu ya mafanikio, habari nyingine kabisa.

Ukilazimika kuitumia, ipe "in" na kitenzi chenye "-ing" mkiani: "I succeeded in getting the loan." "I succeeded to get" ni Kiswahili kilichovaa suti. Lakini mimi huwaambia wateja waachane nayo wachukue "manage": "I managed to get the loan." Nyepesi, haikosewi, na ina harufu ya jasho ndani yake. Na "niliweza" usiitafsiri "I could" ukisimulia tukio moja lililotokea. "I could swim when I was six" sawa, huo ni uwezo uliokuwa nao. Ila mkopo ulioupata Jumanne ni "I was able to get it" au "I managed to get it".

Hayo ni ya sarufi, yananyooka kwa wiki moja. Kinachonichosha ni adabu yetu. Sisi tumelelewa kusema "nimejaliwa", "nimebahatika", "tulijitahidi tukafanikiwa". Mafanikio yametujia, na sisi tumejificha kwenye kundi. Barua ya kazi ya Kiingereza inataka mtu ajitokeze, aseme alifanya nini kwa mikono yake. Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja, kajiandikia "I was succeeded to do many successful works". Nikaiweka karatasi pembeni.

"Ulikuwa unafanya nini huko?"

"Nilikuwa stoo, madam. Duka la pembejeo."

"Ulifanikiwa nini?"

"Mambo mengi tu, tunamshukuru Mungu."

"Mungu tunamshukuru. Nitajie moja."

Akakuna kichwa. "Mali ilikuwa inapotea. Mbolea hasa. Mtu anatoa mifuko sita, anaandika mitano. Basi nikaanzisha daftari, kila mfuko ukitoka mtu anasaini."

"Halafu?"

"Baada ya miezi minne hatukupoteza mfuko hata mmoja."

"Sasa hayo mbona hukuandika?"

"Niliona kama najisifu."

Tukaandika: "I introduced a stock register and stopped stock losses within four months." Angalia, hakuna "success" wala "achieve" humo. Kitenzi cha kazi, kitu, na kipimo. Hapo ndipo ninapompeleka kila mteja: ukiweza kutaja ulichofanya, neno la mafanikio lenyewe linakuwa la ziada. Vitenzi vya kuanzia weka karibu: "introduced" kwa ulichoanzisha, "increased" na "reduced" kwa ulichopandisha au kupunguza, "trained" kwa watu uliowafundisha kazi, "led" kwa kundi uliloliongoza. Idadi usiibuni, wakikuuliza kwenye usaili utajikunja. Na tafadhali, "I passed with flying colours" nakuomba uiache. Ilishachoka tangu nikiwa shule.

Kuna kusoma pia, si kuandika tu. Binti mmoja alinionyesha simu akicheka, eti kapata kazi, kwao wameshaambiwa. Jicho lake lilikuwa limeshika "successful" likaishia hapo. Sentensi nzima ilisema "Unfortunately, on this occasion your application was not successful." Nilimvutia kiti kwanza. Ukipokea barua ya namna hiyo, kabla hujapiga simu popote, tafuta "unfortunately", "regret", "however" au "unsuccessful". Ukiikuta mojawapo, soma mpaka mwisho taratibu. Barua ya heri kwa kawaida inaanza na "We are pleased".

Ya mtaani yako mengi na ni matamu: "I made it", nimefika, "she nailed it", amepatia haswa, "it paid off", jasho limelipa, "you've come a long way", umetoka mbali. Hayo ni ya WhatsApp na maongezi, kwenye barua ya kazi yabaki nje.

Tahajia: "success" ina c mbili katikati na s mbili mwishoni, jozi mbili. "Succeed" ina c mbili na e mbili. Kwenye "achieve" i inatangulia e, na "achievement" hailitupi lile e la mwisho.

Na pongezi. Sisi tunasema hongera kwa, basi watu wanaandika "Congratulations for". Kiingereza kinataka "on": "Congratulations on your graduation", "Congratulations on passing your exams". Na daima ina s mwishoni, hata kama anayepongezwa ni mmoja. Jirani yangu anaoka keki za mahafali, na msimu ukianza ananitumia picha ya maandishi kabla hajaweka krimu, kwa sababu mwaka juzi keki tatu zilitoka na "Congratulation". Ya nne aliiwahi. Ile s ameibana pembeni kabisa, imeteremka ukingoni mwa keki, lakini ipo.