Mgonjwa anayetumia dawa za kienyeji: muulize hivi

Ukimuuliza mgonjwa juujuu, "Unatumia miti shamba?", atakataa. Mimi huamkia, navuta kiti, nasubiri ndugu watoke, ndipo nauliza: "Bibi, nyumbani umeshatumia dawa gani, za hospitali na za kienyeji?"

Akitaja mlonge, uliza: anachemsha majani au anakoroga unga? Kiasi gani? Mara ya mwisho lini? Andika kwenye faili. Kama anachoma insulini, mpime sukari mara kwa mara, maana mlonge nao hushusha sukari, na vikikutana inaweza kushuka mno.

Usimkemee hata kidogo. Tiba asili inatambuliwa: Tanzania ina sheria yake tangu 2002.

Mjamzito mwenye uchungu muulize kabla ya dripu ya oksitosini, dawa ya hospitali ya kuongeza uchungu. Dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu ikikutana nayo, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka.