Jinsi ya Kutafuta Giaboksi ya Forester Yenye Hai na Lo Kutoka Ng'ambo: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Tanga

Mwenye Subaru Forester ya manyuo aliyewahi kupanda kutoka Muheza kwenda Amani wakati wa masika, au kuvuka Lushoto akaelekea Mtae akiwa amejaza abiria na magunia, anaijua harufu ya klachi inayoungua. Injini ina nguvu ya kutosha na magurudumu yote manne yanavuta, lakini gia ya kwanza ni nyepesi mno kwa mlima wa namna ile, hivyo dereva analazimika kuicheza klachi ili gari lisizime. Dawa ya tatizo hili ilitengenezwa kiwandani zamani. Ni giaboksi ya gia tano yenye hai (mwendo wa kawaida) na lo (mwendo wa polepole wenye mvuto mkubwa), ambayo Subaru iliifunga kwenye magari mengi yaliyouzwa Australia, New Zealand, Uingereza na nchi nyingine za Ulaya. Huku kwetu ni adimu, na anayeitaka hana budi kuiagiza. Kazi hiyo inawezekana, mradi vipimo vijulikane kabla fedha haijatumwa.

Inafaa kwanza kuelewa kifaa chenyewe, kwa kuwa wauzaji wengi hawakijui. Lo ya Subaru haikai katika sanduku la pembeni kama ilivyo kwenye Land Cruiser. Imo ndani ya giaboksi ileile, mbele ya gia tano, kwa hiyo ukiivuta unapunguza mwendo wa gia zote tano za kwenda mbele. Mfumo wa kuvuta magurudumu manne unabaki kuwa wa kudumu: katikati kuna difu inayogawa nguvu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma, pamoja na kapulingi ya viskosi inayobana pale upande mmoja unapoanza kuteleza. Asitokee mtu akakuuzia giaboksi ya kawaida kwa maelezo kwamba "ni fowili, kwa hiyo ina lo". Hayo ni mambo mawili tofauti.

Giaboksi hizi zimetoka na viwango tofauti vya lo, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotezwa. Kipo kiwango cha 1.196 na kipo cha 1.447. Tuchukue gari lenye gia ya kwanza ya 3.454 na difu ya 4.111. Likiwa kwenye hai, injini huzunguka takribani mara 14.2 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa lo ya 1.196 idadi hiyo inafika 17, na kwa lo ya 1.447 inapita 20. Maoni yangu ni kwamba lo ya 1.196 haistahili gharama ya kuvushwa bahari kwa ajili ya milima ya Usambara. Itasaidia kidogo kutembea polepole kwenye matope, lakini klachi itaendelea kuteseka. Ikiwa unaagiza, agiza ya 1.447, na usikubali jibu la "zote ni sawa". Hata hiyo haitaifikia lo ya Land Cruiser, lakini katika mteremko wa Soni uliolowa mvua utaona jinsi injini inavyolishika gari bila breki kukanyagwa muda wote.

Kipimo cha pili ndicho kizito kuliko vyote, nacho ni uwiano wa difu, yaani propela inazunguka mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja. Giaboksi ya Subaru imebeba difu ya mbele ndani yake, ilhali difu ya nyuma iko peke yake chini ya buti, na hizo mbili ni lazima zikubaliane. Ukifunga giaboksi yenye 4.444 kwenye gari lenye difu ya nyuma ya 4.111, shafti ya mbele na ya nyuma zitashindana kila sekunde gari linapotembea. Kapulingi ya viskosi itapata joto, gari litakuwa zito kwenye kona za lami, na hatimaye sehemu ya nyuma ya giaboksi itaharibika. Fundi asiyeifahamu Subaru anaweza kufunga kila kitu vizuri, boliti zikakaa, gari likawaka, na kosa hilo lisionekane hadi umefika Korogwe.

Namna ya kupima difu uliyonayo ni rahisi na haihitaji mashine. Inua gari nyuma na uliweke juu ya stendi imara, kisha fungua propela kwenye difu ya nyuma na uweke alama ya chaki kwenye flenji, ile sahani ya difu iliyoshikana na propela. Wewe na msaidizi wako mzungushe magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja, kwa mwendo mmoja, mizunguko 10 kamili, huku mtu wa tatu akihesabu mizunguko ya flenji. Ikipita kidogo 41, difu yako ni 4.111, ikikaribia 44 na nusu, ni 4.444, ikiwa 39, ni 3.9. Vibandiko vya kiwandani kwenye mfuniko wa difu husaidia, lakini kwa magari ya umri huu vingi vimefutika, tena difu nyingine zilishabadilishwa na mmiliki aliyetangulia. Hesabu ya chaki ndiyo ya kuaminika. Ukipata giaboksi nzuri ambayo uwiano wake haulingani na difu yako, usiiache moja kwa moja. Mwombe muuzaji akuuzie na difu ya nyuma ya gari hilohilo, kisha ubadilishe zote mbili. Ningependa hata kusema kwamba ununuzi wa jozi kutoka gari moja ndio ulio salama zaidi, iwapo mfuko unaruhusu.

Vipimo vilivyobaki havichukui muda mrefu. Giaboksi za ukoo huu zina namba inayoanza na TY75, iliyobandikwa juu karibu na mahali inapoungana na injini. Herufi zinazofuata ndizo zinazotofautisha gari moja na jingine, kwa hiyo andika namba yote ya kwako na udai namba yote ya unayoinunua. Injini za Subaru za ukoo wa EJ za mwanzo zilifungwa na giaboksi kwa sehemu nne, na za baadaye kwa nane; zinaweza kuungana, ila baadhi ya matundu yatabaki wazi. Angalia pia kama klachi yako ni ya kusukumwa au ya kuvutwa, kwa sababu magari mengi ya tabo yanatumia ya kuvutwa, na kama spidi inasomwa kwa kebo au kwa sensa. Mwenye gari la otomatiki aelewe kwamba kwake kazi ni kubwa zaidi: pedali, flaiwili, pampu za klachi, propela na nyaya vyote vitaingia kwenye hesabu, na ushauri wangu ni kwamba auze alilonalo anunue la manyuo.

Sasa tuingie kwenye utafutaji wenyewe. Anza karibu. Pita kwa wauza spea wa hapa mjini, halafu mtume mtu unayemwamini Gerezani, Dar es Salaam, kwa kuwa mara chache huingia gari kamili lililotumika Uingereza likakatwa. Muuzaji akidai kwamba giaboksi yake imetoka kwenye gari la Ulaya, omba kuona kibati cha gari hilo. Forester zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zina namba fupi ya chasisi ambayo kwa kawaida huanza na SF5 au SG5, wakati zile zilizotengenezwa kwa masoko ya nje zina namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayoanza na JF1. Tofauti hiyo haithibitishi kwamba kuna lo, lakini inaondoa maneno mengi.

Ukikosa hapa, geukia Australia, New Zealand na Uingereza. Sababu ya kuanza na nchi hizo tatu si wingi wa magari pekee. Huko wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, hivyo mkono wa lo wa katikati, kebo yake na breketi zake vitakaa kwenye gari lako bila kuchongwa upya. Tafuta yadi zinazokata Subaru peke yake, si yadi za kila aina ya gari, maana mtu anayekata Subaru kila siku ataelewa swali lako mara moja. Elekeza macho kwenye Forester za kizazi cha SF, kilichotoka mwaka 1997, na cha SG, kilichofuata mwaka 2002, zenye injini isiyo na tabo. Outback za manyuo za Australia nazo ni chimbo zuri.

Mwandikie muuzaji maswali yako yote katika ujumbe mmoja, kwa ufupi na kwa heshima: namba ya chasisi ya gari lililotoa giaboksi, kilomita zilizosomwa, namba ya TY, picha za pande zote nne, na sababu ya gari kukatwa. Gari lililogongwa nyuma ni bora kuliko lililoletwa yadi kwa sababu lilikataa kutembea. Kisha omba video, na hili usilione aibu. Mwenye kuuza ashike vishina viwili vya shafti za mbele visizunguke, aweke gia ya nne, azungushe shafti ya kuingilia (ile ya upande wa klachi) hadi mkia wa nyuma, panapoingia propela, uzunguke mara 40, na ahesabu mizunguko ya shafti ya kuingilia. Arudie akiwa ameweka lo. Gawanya hesabu ya pili kwa ya kwanza. Ikiwa kwenye hai alihitaji mizunguko 20 hivi na kwenye lo akahitaji karibu 29, hiyo ni 1.447, akifika 24 tu, ni ile ndogo. Muuzaji mwaminifu atakufanyia jambo hili, kwani linamchukua dakika chache. Aonyeshe pia mafuta yanavyomwagwa: vumbi laini la chuma kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni la kawaida, lakini vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni dalili ya jino lililovunjika au beringi iliyokwisha.

Dai na vitu vidogo, maana vikiachwa huko vitakugharimu kuliko unavyodhani: mkono wa lo pamoja na plastiki yake ya katikati, kebo, breketi, swichi ya taa ya lo, na boliti zake. Vyote viandikwe kwenye ankara kabla ya malipo. Kuhusu malipo, tumia njia inayokupa haki ya kudai fedha yako mzigo usipofika, au utume kwa akaunti ya kampuni yenye jina lilelile lililo kwenye ankara. Akaunti ya mtu binafsi inayotajwa dakika ya mwisho ni sababu tosha ya kusitisha biashara.

Usafirishaji wa ndege kwa kitu kizito kiasi hiki hauna maana isipokuwa gari ndilo linaloingiza mkate nyumbani. Njia ya kawaida ni kuchangia kontena, ambapo unalipia nafasi. Giaboksi imwagwe mafuta yote na kuoshwa, matundu yazibwe, ifungwe kwa mikanda kwenye paleti, na paleti hiyo iwe na muhuri wa ISPM 15 unaoonyesha kuwa mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu. Muulize msafirishaji kontena litashukia wapi. Bandari ya Tanga imechimbwa gati zake kutoka kina cha mita 3 hadi 13, na meli zinafunga gatini badala ya kutia nanga mbali na kupakuliwa kwa matishari kama zamani. Lakini makontena ya kuchangia hufuata ratiba ya mkusanyaji, na ya kwako huenda ikateremkia Dar es Salaam. Jumlisha nauli ya lori la kuja Tanga tangu mwanzo.

Kabla ya kulipa chochote ng'ambo, onana na wakala wa forodha mwenye leseni akuandikie makadirio. Ushuru unakokotolewa kwenye bei ya mzigo ikijumlishwa na bima na nauli ya meli, kisha juu yake inakuja VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine, hivyo giaboksi ya bei ndogo yenye nauli kubwa haitabaki ya bei ndogo. Wakala athibitishe pia TBS (Shirika la Viwango) kwa wakati huo wanataka nini kwa spea iliyotumika, na kwa maandishi. Jina kwenye hati ya shehena, ankara na TIN yako lifanane herufi kwa herufi.

Mzigo ukifika, usiukimbize gereji siku hiyohiyo. Rudia hesabu ya mizunguko wewe mwenyewe, na ulinganishe namba ya TY na ile ya kwenye picha. Badilisha sili ya shafti ya kuingilia, sili za pembeni na beringi ya klachi wakati kila kitu kiko nje, kwani kuishusha tena kwa ajili ya sili moja ni kulipa ufundi mara mbili. Giaboksi yenye lo hupokea takribani lita 4 za mafuta ya GL-5 ya 75W-90, nusu lita zaidi ya ile ya kawaida, na fundi aliyezoea lita 3.5 akumbushwe. Matairi yote manne yawe ya ukubwa mmoja na yamelika sawa. Baada ya kufunga, endesha hadi mafuta yapate moto, kisha zungusha usukani wote kwenye lami na utembee polepole. Gari likijivuta kama limeshikwa breki, irudie hesabu ya difu kabla ya kuilaumu kapulingi ya viskosi. Likizunguka kwa wepesi, mwage mafuta hayo ukishatembea kilomita 1,000, uyapitishe kwenye kitambaa cheupe uone kilichomo, na uweke mengine mapya.