Doa kwenye skrini ya gemu mpya: lijue kwanza, ndipo uliguse

Meza yangu ipo kwenye vichochoro vya nyuma ya soko la Darajani, Unguja, na kazi yangu kubwa ni vioo vya simu. Lakini kila baada ya sikukuu huanza kuja gemu za mkononi: Switch, Steam Deck, mara moja moja PSP ya zamani ambayo kaka mtu amemwachia mdogo wake. Nyingi zimeletwa na ndugu kutoka Dubai au Maskat. Na maneno ni yale yale: "Fundi, mpya hii, lakini ina doa."

Gemu iliyotoka kiwandani na kasoro ina njia yake. Zinazonitia uchungu ni zile ambazo doa lilikuwa dogo, pengine hata si doa, na mwenyewe akaliharibu kwa mkono wake akilitafutia dawa. Ndiyo maana naandika hatua hizi kwa mpangilio huu, na naomba usiruke hata moja.

Hatua ya 1: Usibandue, usifute, usibonyeze

Alinijia kijana kutoka Wete, Pemba, amepanda boti na gemu yake ndani ya mfuko wa skuli. Switch ya OLED, bado inanukia upya. Pembeni mwa kioo aliona kiputo kidogo cha hewa, akadhani ni nailoni ya safari iliyosahauliwa. Akaanza kubandua kwa ukucha, ukucha ukashindwa, akachukua wembe.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Hii nailoni yake umeiweka wapi?"

"Nimetupa, ami. Si ilikuwa ya safari tu?"

Haikuwa ya safari. Switch ya OLED, ile ya mwaka 2021, hutoka kiwandani na utando mwembamba uliogandishwa juu ya kioo ili kikivunjika vipande visitawanyike. Nintendo wenyewe, watengenezaji wa Switch, wameandika usibanduliwe. Switch 2 ya mwaka 2025 nayo inao. Yule kijana alikuwa ameuchana nusu, gundi imebaki kioo kizima kama utando wa buibui, na fremu ina mikato ya wembe. Skrini yenyewe ilikuwa nzima kabisa, haina pikseli (vile vitone vidogo vinavyounda picha) hata moja mbovu. Duka gani litaipokea katika hali ile?

Kwa hiyo ukiona doa, iweke chini. Nailoni ya safari huijua kwa kuwa ina kijiulimi cha kuvutia na huachia kwa wepesi. Kinachohitaji ukucha kimewekwa makusudi.

Hatua ya 2: Ondoa kilicho juu

Izime, iache ipoe. Uso mweusi uliozimwa huonesha vumbi na alama za vidole vizuri kuliko uliowashwa.

Puliza kwanza, kabla ya kufuta. Tumia kile kipira cha kupulizia cha mafundi wa kamera. Mdomo hutoa mate. Kwetu hapa jambo hili lina uzito wa pekee: mchanga mweupe wa fukwe zetu ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na Switch ya mwaka 2017 pamoja na Switch Lite zina uso wa plastiki. Punje moja ya mchanga chini ya kitambaa inatosha kuacha mkwaruzo ambao hautatoka tena. Ukitoka Nungwi au Paje na gemu kwenye mkoba, puliza mara mbili.

Kisha futa kwa kile kitambaa laini cha kusafishia miwani, kwa mwendo mmoja kutoka juu kwenda chini, bila kukandamiza. Kama alama imeng'ang'ania, dondoshea kitambaa (kitambaa, si skrini) tone moja au mawili ya maji ya betri yaliyokenekwa (ya mvuke uliopozwa). Hakikisha ni maji matupu, maana dukani tindikali ya betri hukaa rafu moja na hayo maji. Kanga, fulana, karatasi ya chooni, dawa ya vioo vya madirisha, manukato: hivyo vyote viweke mbali. Na dawa ya meno ambayo watu hushauriana kwa ajili ya mikwaruzo ina chembe za kusugua. Mkwaruzo mmoja utaugeuza ukungu.

Steam Deck yenye kioo kilichofifishwa ili kisiakisi mwanga huwadanganya wengi hapa. Mafuta ya vidole juu yake hutoa rangirangi kama za petroli juu ya maji. Hilo ni jasho lako, na litatoka kwa kitambaa kikavu na subira.

Hatua ya 3: Pima kwa rangi tano

Washa, ongeza mwanga mpaka mwisho, halafu ijaze skrini rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu. Video za rangi tupu za kupimia skrini zipo tele kwenye YouTube, na programu hiyo ipo kwenye Switch. Kwenye Steam Deck unaweza kufungua picha zako mwenyewe. Rangi nyeusi itazame chumba kikiwa giza.

Iangalie kila rangi kwa dakika nzima, ukienda mstari kwa mstari kama unayesoma. Haraka haikuoneshi kitu.

Hatua ya 4: Lipe doa jina lake

Hapa ndipo kazi ilipo.

Skrini yenye upana wa pikseli 1280 na kimo cha 720, kama ya Switch za kabla ya Switch 2, ina pikseli 921,600. Kila pikseli ina vipande vitatu, chekundu, cha kijani na cha buluu. Jumla ni 2,764,800. Kwenye skrini ya LCD nyuma yake kuna taa inayowaka muda wote, na kila kipande kina kijilango kinachofunguliwa na kufungwa na transista yake, yaani kijiswichi cha umeme. Vijilango vyote vitatu vya pikseli visipofunguka vinaacha kitone cheusi kwenye uso mweupe: hiyo ni pikseli iliyokufa. Kijilango kisichofunga kinaacha kitone chekundu, cha kijani au cha buluu kinachong'aa kwenye uso mweusi: hiyo ni pikseli iliyoganda. OLED haina taa ya nyuma, kila kipande hujiwakia chenyewe, na kikifa kinabaki giza.

Sasa chukua simu, isogeze karibu na doa na ukuze picha kadiri kamera inavyokubali, skrini ya gemu ikiwa nyeupe. Utaona vijiti vya rangi vimepangana kwa usawa kama ukili kwenye mkeka. Pikseli mbovu ni kijiti kilichokosekana, na kingo zake zimenyooka. Vumbi halina adabu hiyo: lina mabonde na pembe, limefunika nusu ya kijiti hiki na robo ya kile, na mara nyingi halitulii kwenye kamera kwa sababu lipo kimo kingine.

Jaribio la pili halihitaji hata simu. Liangalie doa ukiwa mbele kabisa, kisha sogeza kichwa kushoto na kulia. Pikseli haihami. Kilicho kati ya kioo na skrini huonekana kikitembea kidogo juu ya picha. Switch ya mwaka 2017 ina nafasi ya hewa kati ya uso wa kugusa na skrini yenyewe, kwa hiyo vumbi la ndani linawezekana. Kwenye zile ambazo kioo na skrini vimegandishwa pamoja, kama Switch ya OLED, doa lililo chini ya kioo limetoka nalo kiwandani.

Lipo na doa la tatu, weupe wa kingoni kwenye rangi nyeusi. Weupe huo ukihama pamoja na kichwa chako, ndiyo tabia ya skrini za LCD. Ukibaki kona moja, kama mwanga unaopita chini ya mlango, fremu imebana skrini mahali. Punguza mwanga mpaka kiwango unachochezea kila siku, utazame tena. Kama hauonekani, mie ningeiacha. Usiikunje gemu kwa mikono eti kulegeza fremu.

Hatua ya 5: Piga picha na uirudishe mapema

Doa likiwa la kiwandani, saa zinakwenda. Piga picha ya doa kwa rangi iliyolionesha, picha ya gemu nzima, namba yake ya mfululizo, risiti na boksi. Kama ndugu aliyeileta bado hajarudi Dubai, mpigie leo. Duka alilonunua ndilo lenye garantii, na siku za kurudisha bidhaa huwa chache kuliko miezi ya garantii. Mpe na boksi lake na vikorokoro vyote.

Jiandae pia kujibiwa vibaya. Switch ilipotoka mwaka 2017, Nintendo waliandika kwamba pikseli chache zilizokufa au kuganda ni hali ya kawaida ya skrini za LCD na zisihesabiwe kuwa kasoro. Kipo hata kiwango cha kimataifa, ISO 9241-307, kinachopanga skrini kwa madaraja kufuatana na pikseli mbovu zinazoruhusiwa. Kwa hiyo unapozungumza na muuzaji eleza doa lilipo: la katikati, panapokaa macho, lina nguvu kuliko la pembeni. Zungumza naye kwa upole. Muuzaji anaweza kukubadilishia kwa hiari yake pale ambapo kiwanda kingekataa.

Hatua ya 6: Pikseli iliyoganda, jaribio moja tu

Kama haikupokelewa, na skrini ni LCD, cheza video ya rangi zinazobadilika haraka kwa nusu saa mpaka saa mbili, gemu ikiwa imegeuzwa ukutani na mahali penye hewa. Usiitazame, wala usimwachie mtoto au mtu mwenye kifafa. Kumetameta huko kunaweza kumwamshia ugonjwa. Baadhi ya pikseli huachia, nyingine haziachii. Iliyokufa, nyeusi, haifufuki kwa njia hii.

Kubonyeza kwa kidole au kitako cha kalamu sikushauri hata kidogo. Unabonyeza kijiti kimoja, unaumiza mia vya jirani.

Na kubadilisha skrini nzima kwa pikseli moja? Mteja akiniomba hivyo kwa gemu mpya, humrudisha nyumbani akacheze wiki mbili kwanza. Kuifungua kunaweza kumpotezea garantii, na skrini ya badala nayo inaweza kuja na pikseli yake.

Hatua ya 7: Protekta, baada ya kuridhika

Bandika protekta ukishamaliza hayo yote, maana ikitangulia hutajua doa ni la nani. Fanya asubuhi mapema, sakafu imepigwa deki, feni imezimwa. Punje ikiingia chini yake, inyanyue kwa selotepu, usiing'oe kwa kucha. Kiputo kisicho na punje ndani huondoka chenyewe baada ya siku moja au mbili. Chenye punje kitabaki hapo. Kwenye Switch ya OLED na Switch 2, protekta hukaa juu ya ule utando.

Wakati wa masika ukitoka nayo chumba chenye kiyoyozi kwenda barazani na kioo kikafanya ukungu, huo ni unyevu tu. Iache nusu saa ikiwa imezimwa, bila kuifuta, ndipo uiwashe.