Somo: Kuitoa dilruba sauti yake ya kwanza

Somo hili ni la aliyeipakata dilruba leo kwa mara ya kwanza. Jina ni la Kiajemi, maana yake "mnyakua moyo". Makao yake ni Punjab: hupigwa kwa upinde kama fidla, shingo ina parda za chuma, yaani vijiti vinavyoonyesha mahali pa noti, kama sitari, na tumbo limewambwa ngozi ya mbuzi. Masingasinga waliisindikizia kirtani, nyimbo zao za ibada, mpaka hamoniamu, kinanda kidogo cha mvukuto, ilipoingia India karne ya 19 ikawavuta wengi kwa wepesi wake. Lakini hamoniamu haiwezi kuteleza kutoka noti hadi noti, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya redio ya taifa ya India kuizuia tangu 1940 hadi 1971. Mtelezo huo, wenyewe wanauita mindi, ndio uhai wa dilruba.

Hatua ya 1: Kukaa. Kaa chini, shingo ya chombo iegemee bega la kushoto. Usiing'ang'anie.

Hatua ya 2: Nyuzi. Zile kuu ni nne, na wimbo huchezwa kwenye ya kwanza, inayolinganishwa na ma. Ya pili ni sa. (Sa, re, ga, ma ni majina ya noti za Kihindi, kama do, re, mi, fa.) Chini yake kuna nyuzi nyembamba za tarafu, kumi na kitu. Hizo hazipigwi wala hazishikwi, kazi yake ni kuitikia. Zilinganishe na noti za raga, yaani mpangilio wa noti za muziki wa Kihindi, utakayopiga. Itakula nusu saa, na wengi wanairuka hatua hii. Tafadhali usiiruke. Ukimaliza, vuta upinde kwenye sa, kisha uinue ghafla. Ukisikia sauti inaendelea yenyewe, kama mtu anayeguna ndani ya mtungi, tarafu zimekaa sawa. Kukiwa kimya, rudi kwenye vigingi vya kukazia nyuzi.

Hatua ya 3: Upinde. Upake rosini, ule utomvu mkavu wa msonobari, halafu vuta mstari mmoja mrefu kati ya kidaraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya ngozi, na parda ya mwisho. Mimi nilianza kwa kukandamiza, sauti ikakwaruza kama mlango wa bati, nikaamini nimeuziwa chombo kibovu. Mwalimu wangu alinishika kifundo cha mkono akaniambia, "Pangusa vumbi tu." Nilikaa wiki tatu kwenye sa peke yake. Nakushauri nawe ufanye hivyo.

Hatua ya 4: Mkono wa kushoto. Tumia kidole cha shahada na cha kati. Gusa uzi kwa wepesi. Parda inakuonyesha tu noti ilipo. Toka sa uende re bila kuinua kidole, polepole, hadi sikio lisijue sa imeishia wapi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, shikamoo. Niko Mombasa. Msimu wa mvua sauti inakuwa nzito, kama imefunikwa blanketi. Niipashe moto ngozi kama tunavyopasha ngoma?

Marahaba. Hapana, usithubutu! Ngozi ya dilruba ni nyembamba na kidaraja kimeikalia, moto utaipasua. Unyevu ndio umeilegeza. Ihifadhi ndani ya kasha lenye vifuko vya kunyonya unyevu, ipanguse kwa kitambaa kikavu, na subiri ikauke yenyewe.

Ndugu, napiga fidla kwenye kikundi cha taarab. Nitaanza mbele ya wengine?

Mkono wa upinde utakusaidia sana. Wa kushoto utakusumbua, kwa sababu umezoea vidole vinne kupokezana, na hapa viwili vinasafiri shingo nzima. Ila sikio lako, lililozoea kuikokota sauti nyuma ya mwimbaji, ni mali.

Esraji na dilruba si kitu kimoja?

Ni ndugu wa tumbo moja. Esraji ni ya Bengal, ndogo kidogo na tumbo lake limebanwa kiunoni. Ilipata heshima kubwa Shantiniketan, kwenye shule ya mshairi Tagore. Dilruba ina tumbo la mraba. Kuna na mkubwa wao, taus, aliyechongwa umbo la ndege. Ndege gani? Litamke jina tena: ni tausi yuleyule wetu.

Sa yangu iwe noti gani ya kinanda?

Yoyote inayoifaa sauti ya mwimbaji wako. Kama uko peke yako, kaza taratibu mpaka uzi ulie bila kulalamika, uishie hapo. Uzi wa kwanza hukatika upesi, kwa hiyo weka wa akiba kwenye kasha.