Kuanzisha kikundi cha Biblia cha wanandoa bila kukigeuza baraza la usuluhishi

Mume na mke mmoja walitaka kuanzisha kikundi nyumbani kwao wakaniomba utaratibu. Nilianza kuwaandikia kwa ujumbe wa simu, ukazidi kurefuka, nikaona heri niuandike vizuri ili na wengine wautumie. Mimi na mwenzangu tumeongoza vikundi vya namna hii kwa miaka kadhaa, kwa hiyo haya ni ya kutendea kazi. Mafundisho ya ndoa yenyewe mtayapata kwenye Neno. Mchungaji wenu apewe taarifa kabla hamjaalika mtu.

Hatua ya 1: Watu

Ndoa nne au tano zinatosha. Zikizidi sita, watu wawili wenye sauti watashika usukani na waliobaki watakuwa wasikilizaji. Changanyeni ndoa changa na zilizokomaa. Msiwaweke pamoja mtu na bosi wake, wala mke na wifi yake, hata kama wanapendana: wifi akiwepo, mke atajibu maswali ya Biblia tu.

Hatua ya 2: Muda

Dakika tisini, mara moja kwa wiki, kwa wiki sita. Saa ya kumaliza iheshimiwe kuliko ya kuanza. Watoto wapangiwe mtu wa kukaa nao.

Hatua ya 3: Maandiko

Msianze na Waefeso 5. Najua ndilo fungu linalowajia wengi kwanza, lakini kila mtu ameshalishika kama rungu. Mume anaijua aya ya 22, ya wake kuwatii waume, kwa moyo, mke naye anaijua ya 25, ya waume kuwapenda wake, na kila mmoja anasubiri ya mwenzake isomwe. Anzeni na visa vya wanandoa, maana mtu akimjadili mume wa kwenye Biblia kama Elkana hujisahau akasema ukweli.

Mpangilio ninaoutumia ni huu. Wiki ya kwanza Mwanzo 2:18 hadi 3:12, mkiishia pale Adamu anapomsukumia lawama mwanamke na, kwa ujanja, Mungu aliyempa huyo mwanamke. Ya pili, 1 Samweli 1, habari za Elkana na mkewe Hana, aliyekuwa hajapata mtoto. Ya tatu, 1 Samweli 25, habari za Nabali na Abigaili; angalieni hasa jinsi Abigaili anavyonyamaza usiku ule mumewe akiwa amelewa, akangoja hata asubuhi divai imtoke. Ya nne ni Matendo 5:1-11, ambapo Anania na Safira wanapatana vizuri sana, shida ni walichopatania: kuficha sehemu ya fedha za kiwanja walichouza. Inafungua mazungumzo ya fedha kuliko somo lolote la bajeti. Ya tano, Matendo 18:1-4 na 18:24-28, Akila na Prisila wakishona mahema pamoja, kisha wakimchukua Apolo kwao na kumfundisha. Ndipo wiki ya sita mnafika Waefeso 5, na mnaanzia aya ya 15 ili ile ya 21, ya kunyenyekeana, isikike kabla ya 22. Someni kwa sauti mpaka mwisho wa sura. Mtasikia wenyewe kwamba maneno ya Paulo kwa waume ni marefu zaidi ya mara mbili ya yale ya wake.

Angalizo la wiki ya pili: kama kuna ndoa inayotamani mtoto na haijampata, waambieni mapema, faraghani, kwamba mtasoma habari za Hana. Wakisema hapana, rukeni.

Vifaa: Biblia za karatasi. Simu ina Biblia, sikatai, lakini ina na ujumbe wa kazini. Napenda mmoja asome tafsiri ya Union Version na mwingine ya Habari Njema, fungu lilelile, kabla mtu hajafungua mdomo kueleza. Vile vijitabu vya kujaza nafasi zilizoachwa wazi sivitaki kabisa. Watu wanajaza majibu wanayojua yanatakiwa. Video za mafundisho nazo hivyohivyo. Mtu mzima akishatazama dakika arobaini, kinachobaki ni kusema "amina" na kwenda kulala.

Hatua ya 4: Maswali

Matano yanatosha: mawili ya andiko linasema nini, moja la linafundisha nini, mawili ya kujihoji. Liandikeni kila swali, kisha mjiulize kama linaweza kujibiwa kwa neno moja. Likiweza, lifuteni.

Chukueni 1 Samweli 1:8. Elkana anamwuliza Hana maswali manne mfululizo: analilia nini, kwa nini hali, kwa nini moyo wake una huzuni, na la nne kubwa kuliko yote, "Je! mimi si bora kwako kuliko watoto kumi?" Hana hajibu hata moja. Anayoyasema anamwambia Bwana hekaluni, na baadaye kuhani. Sasa, kiongozi akiuliza "Elkana alikosea wapi?", wanaume wote watakuwa mawakili wa Elkana, na si bila sababu, kwani alikuwa akimpa Hana sehemu mara mbili. Akiuliza "Ni maswali gani ambayo mimi huuliza nikiwa nataka kutulizwa zaidi ya kusikia jibu?", chumba kinabadilika. Msikose aya ya 23, ambapo Elkana huyohuyo anamwambia mkewe afanye aonavyo vema.

Hatua ya 5: Kutoka kwenye andiko kuingia nyumbani

Hapa ndipo vikundi vingi hufa, tena kimyakimya: ndoa moja inaanza kuwa na udhuru, ya pili inafuata. Kwa hiyo nitakaa hapa.

Kanuni ni moja: kila mtu asema yake. Naruhusiwa kusimulia hasira yangu, hofu yangu, uzembe wangu. Ya mwenzangu ni mali yake, ataisema akitaka. Semeni hivyo siku ya kwanza, na mrudie kila wiki kabla ya maswali mawili ya mwisho hata kama watu wameshachoka kuisikia.

Itavunjwa, na mara nyingi kwa mzaha. Mke atasema, "Afadhali huyo Elkana aliuliza, wangu hata kuuliza haulizi!" Watu watacheka, mume atacheka nao huku akifunga Biblia yake na kuitazama saa. Usiuache upite. Bila ukali, papo hapo: "Dada, hiyo ni ya kaka, tumwachie. Wewe yako ni ipi?" Ukiuacha mara moja, wiki ijayo mume atakuja na wake.

Kanuni inavunjwa pia kwa maombi. "Naomba mniombee mume wangu, Bwana amwondolee hasira." Hilo ni shitaka lililovaa kanzu. Anayeomba maombi aombe ya nafsi yake: nipate uvumilivu, nipate ujasiri wa kusema. Kiongozi akianza yeye kwa hoja ya kweli, isiyo ya afya wala safari, wengine watafuata.

Kuna na kimya. Umeuliza, hakuna anayejibu, macho yote yako kwenye kapeti. Usijibu mwenyewe, usibadilishe swali, usimtaje mtu jina. Hesabu polepole moyoni mpaka ishirini. Viongozi wengi huvunjika kwenye nane.

Kisha dakika kumi za mwisho kila ndoa ikae peke yake: chumba kingine, ngazini, ndani ya gari, popote pasiposikika. Swali moja tu, na wakiweza waombeane. Wapo wanaopendelea kuwatenga wanaume upande huu na wanawake ule. Nimeona yanayotokea: upande mmoja wanaongea mpira, upande mwingine wanapeana taarifa. Na wale wawili wakirudi, usiwaulize walizungumza nini.

Yanayosemwa humo yabaki humo. Hayawi mfano wa mahubiri, hata jina likifichwa, kwa sababu kanisani watu hujua. Kundi la WhatsApp liwe la saa, mahali na fungu la wiki basi. Kukiwa na jambo kati ya washiriki wawili, Mathayo 18:15 imeshatoa utaratibu: wewe na yeye, peke yenu.

Na hili ni zito. Ukisikia au kuhisi kuna kipigo, vitisho, au mmoja anamwogopa mwenzake, hilo si la kikundi. Usilitaje mbele ya wote wawili, maana atakayelipia ni yule dhaifu wakifika nyumbani. Usimrudishe kwa maneno ya "vumilia, omba, tii". Onana naye peke yake, umsaidie kwanza awe mahali salama, umpeleke kwa watu wenye uwezo wa kumlinda kisheria, na mchungaji ajue kama mwenyewe ameridhia. Anayetumia Biblia kuhalalisha kipigo asomewe 1 Petro 3:7, inayomwonya mume asiyemheshimu mkewe kwamba maombi yake yatazuiliwa.

Hatua ya 6: Katikati ya wiki

Aya moja ya kukariri kwa wote. Hakuna kukaguana.

Hatua ya 7: Mwisho wa wiki sita

Ulizeni kila ndoa kando kama inaendelea au inapumzika, na anayepumzika asitafutiwe sababu. Wapya waingie sasa tu. Mgeni akija wiki ya tatu, wote wanarudi kuongea kwa tahadhari. Muhula unaofuata uongozwe na ndoa nyingine, ikiwezekana ile iliyokuwa kimya zaidi, nanyi mkae pembeni kama washiriki. Wakikuuliza jibu katikati ya kipindi, waelekeze kwa kiongozi wao.